Maumivu sugu ya shingo: dawa iliyo miguuni mwetu

Leo naiweka kando siasa ya kaunti na bei ya unga, nizungumzie shingo. Najua wako watakaocheka. Lakini kama umewahi kuamka alfajiri ukashindwa kugeuza uso ukatoa salamu ya kulia na ya kushoto, basi wewe hutacheka, utasoma.

Mwaka juzi mwezi wa Julai rafiki yangu, Mkamba wa Mbooni niliyefanya naye kazi Changamwe miaka mingi, alinialika kwao. Tuliiacha barabara kuu ya Nairobi pale Emali, tukapita Wote, kisha ikawa ni kupanda milima tu, kona juu ya kona, matuta ya mashamba yamekatwa kama ngazi hadi kileleni. Baridi ya huko mwezi huo si ya mtu wa Mombasa. Nilipofika nilikuwa nimekaza kama ubao. Shingo ilikuwa imenisumbua tangu mwaka uliotangulia, na mwendo wa garini usiku kucha ulinimaliza. Kumtazama mtu wa pembeni ilinibidi nigeuke kiwiliwili kizima.

Mamake rafiki yangu aliona mara moja. Mama wa miaka sabini na ushei, mwembamba, mwepesi kuliko mimi. Akaniuliza, "Mwanangu, shingo imekufa?" Nikamwambia, "Imekufa, mama." Akasema, "Yangu nayo ilikufa. Nikaitembeza, ikafufuka."

Nilidhani ni maneno ya wazee. Baadaye nilipoketi kusoma na kuwauliza wataalamu, nikaona alichoniambia mama yule ndicho ambacho watafiti wamekuwa wakikipima kwa miaka mingi: kwamba mazoezi ya kupandisha pumzi, yale yaitwayo erobiki, husaidia maumivu sugu ya shingo, japo miguu ndiyo inayofanya kazi na si shingo.

Shingo ni kitu gani hasa

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne na nusu hadi tano hivi. Kimekaa juu ya pingili saba ndogo za mifupa, zikishikiliwa na misuli na kano, na katikati yake unapita uti wa mgongo, na pembeni inatoka jozi nane za mishipa ya fahamu inayokwenda mabegani na mikononi. Kichwa kikiwa sawa juu ya mabega mzigo ni mdogo. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma hulazimika kukivuta kisianguke, mfano wa mtu anayevuta kamba ya mashua saa nane mfululizo. Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa mgongo huko New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa kompyuta akaona kuwa kichwa kilichoinama nyuzi 60, yaani vile tunavyotazama simu barazani, huipa shingo mzigo wa kama kilo 27. Hiyo ni hesabu tu, hakumpima mtu aliye hai, lakini inatoa picha.

Maumivu mengi ya shingo huondoka yenyewe baada ya siku au wiki chache. Yakipita miezi mitatu ndipo huitwa sugu. Na wengi wenye maumivu hayo wakipigwa picha haionekani ajali wala mfupa uliovunjika. Yaonekana "uchakavu wa pingili", jambo ambalo watu wazima wengi wanalo hata wasioumwa na kitu. Nalitaja hili kwa sababu karatasi ya eksrei imewatia hofu watu wengi bure. Mtu akiambiwa mifupa yako imeliwa, huacha kujitikisa, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Makadirio ya kimataifa ya mzigo wa maradhi yanasema mwaka 2020 watu wapatao milioni 203 duniani walikuwa na maumivu ya shingo, wanawake wengi kuliko wanaume, na huenda wakafika milioni 269 ifikapo 2050. Hapa kwetu sihitaji takwimu kuwatambua. Ni mama anayeshona kofia za vito kule Lamu, ameinama juu ya sindano tangu asubuhi. Ni binti anayepaka hina na piko msimu wa harusi. Ni dereva wa tuktuk, karani wa bandarini, na mafundi wa Kikamba wanaochonga vinyago pale Changamwe, gogo mapajani na shingo chini. Ongeza na sisi waandishi.

Kitendawili cha Mbooni

Sasa hapa pana swali lililonikera. Watu wa Mbooni wanatembea. Wanapanda na kushuka milima kila siku ya Mungu. Kama kutembea ni dawa, mbona mama yule shingo yake iliuma?

Jibu liko kwenye mzigo. Ukambani, kama Ukikuyu, mwanamke hubeba mzigo mgongoni kwa ukanda uitwao mukwa, unaopita juu ya kichwa karibu na paji la uso. Kuni, mahindi, mtungi wa maji, vyote huning'inia hapo, na shingo ndiyo nguzo. Watu wa Pwani na Ujaluo hutua mzigo utosini. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowashangaza watu wengi: waliwapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa ukanda, wakaona kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili hauwaongezei matumizi ya nguvu hata kidogo. Ukizidi hapo ndipo mwili huanza kulipa. Mwaka 2010 ukatoka utafiti mwingine wa Afrika Kusini, kwa wanawake wa Kixhosa, ambao haukuiona nafuu hiyo, na waliobeba kichwani walilalamikia shingo.

Piga hesabu mwenyewe. Mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 kabla hujahesabu plastiki. Ni thuluthi ya mwili wake, na anapanda nao mlima. Huo mwendo hauitwi mazoezi, ni kazi ya punda. Watafiti wa Denmark, Andreas Holtermann akiwa mmoja wao, wameandika sana kuhusu tofauti hii: harakati za kazini na harakati za mapumzikoni hazina matokeo sawa mwilini. Kazi nzito humshika mtu saa nyingi, bila kupumzika anapochoka, viungo vilevile vikikazwa. Zoezi ni muda mfupi, bila mzigo, pumzi inapanda kisha mtu anapumzika. Kwa hiyo anayekwambia "mimi nafanya kazi ya mikono, mazoezi ya nini?" usimcheke, lakini usimkubalie pia.

Mama wa Mbooni alinieleza kilichotokea. Karibu na kwao walijenga bwawa la mchanga, yaani ukuta wa zege unaokatiza mto wa msimu, mchanga ukijaa nyuma yake unahifadhi maji ndani hata kiangazi. Makueni yako mengi. Safari ya maji ikafupika, na maji yakaanza kubebwa na punda. Shingo haikupona kwa hilo peke yake. Akaenda hospitali ya serikali, wakati ule Kaunti ya Makueni ilikuwa na mpango wake wa afya ulioanza 2016, familia ikilipa shilingi 500 kwa mwaka. Huko mtaalamu wa viungo alimwonyesha mazoezi mawili matatu ya shingo na mabega, kisha akamwambia: kila asubuhi tembea mwendo wa haraka, mikono mitupu, mpaka utoke jasho. Majirani walimcheka. Mama mzima anakwenda mbio sokoni Kikima na hakuna anachobeba wala anachonunua! Baada ya miezi miwili, akasema, aliweza kusuka kyondo tena jioni nzima.

Utafiti unasema nini

Mtu mmoja aliyepona si ushahidi, na mimi sitaki kuuza dawa ya miujiza. Acha niseme yaliyo mazuri na yaliyo machungu.

Mwaka 2008 Denmark waliwachukua wanawake wa maofisini wenye maumivu ya misuli ya shingo na mabega wakawagawa. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuinua vyuma vidogo kwa mabega na shingo, jingine likaendesha baiskeli ya mazoezi bila kushughulisha mabega, dakika 20 kila mara, siku tatu kwa wiki, wiki 10. Walioinua vyuma maumivu yalishuka sana na yakabaki chini. Wa baiskeli walipata nafuu ndogo, hasa mara tu baada ya zoezi, kisha ikapungua. Kwa hiyo ukisema kutembea peke yake kunatosha, utafiti huu haukuungi mkono.

Mwaka 2020 Amira Daher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Haifa walichapisha utafiti uliouliza swali jingine, na kwangu mimi hilo ndilo swali la maana: je, tukiunganisha? Wagonjwa 139, wote walipewa mazoezi ya shingo, lakini nusu wakaongezewa ya kupandisha pumzi, kwa wiki sita. Walipofuatiliwa hadi mwezi wa sita, waliochanganya vyote viwili walikuwa mbele ya wenzao. Tofauti ilionekana zaidi kadiri muda ulivyokwenda, jambo linalofaa kukumbukwa na wale wanaojaribu siku tatu kisha wanaacha.

Na mwaka 2015 shirika la Cochrane, linalochambua tafiti za tiba, lilikusanya majaribio 27 ya mazoezi kwa maumivu ya shingo. Halikupata ushahidi wa daraja la juu kabisa. Kilichokuwa na nguvu kiasi ni mazoezi ya kuimarisha shingo, mabega na mikono. Kwa hiyo picha niliyobaki nayo ni hii: kuimarisha misuli ndiyo chakula, kupandisha pumzi ndiyo mchuzi. Wali mkavu unalika, lakini hausukumiki mbali.

Kwa nini miguu isaidie shingo? Moyo ukidunda kwa kasi damu hufika kila pahali, pamoja na kwenye misuli iliyokazana. Mwili hutoa vitu vyake vyenyewe vya kutuliza maumivu, viitwavyo endofini. Kisha kuna ubongo. Maumivu yakikaa muda mrefu, mfumo wa fahamu huwa mkali kupita kiasi, kama mbwa wa mlinzi anayebwekea hata majani yakitikisika. Mazoezi ya mara kwa mara humtuliza mbwa huyo. Pia mtu hulala vizuri na mawazo hupungua, na shingo ni kiungo kinachobeba mawazo kuliko chochote. Nani kati yetu hajainua mabega hadi masikioni siku ya kulipa karo?

Namna ya kuanza

Mimi nilianza vibaya. Kabla ya safari ya Mbooni, zahanati moja ambayo sitaitaja ilinivisha kola ya shingo, nikakaa nayo miezi miwili. Ilinipa raha wiki ya kwanza. Nilipoivua, kichwa kilikuwa kizito kama nazi mbichi, kwani misuli isiyofanya kazi hulegea. Kola ina kazi yake kwa aliyeumia ajalini na akaamriwa na daktari. Kwa maumivu ya miezi na miezi, si dawa.

Kipimo cha zoezi ni rahisi. Tembea mpaka uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba taarabu beti nzima, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuitikia salamu, punguza. Anayependa hesabu atoe umri wake kwenye 220. Mimi nina 45, napata 175, na asilimia 60 hadi 70 ya hiyo ni mapigo 105 hadi 122 kwa dakika. Mwenye vidonge vya presha vinavyopunguza mapigo ya moyo aiache hesabu hii, atumie kipimo cha kuimba.

Wiki ya kwanza dakika 10 zinatosha, siku tano. Ongeza dakika tano kila wiki hadi ufike 30 au 40. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilipendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na dakika 30 kwa siku tano ndizo hizo 150. Mikono iachwe ipepee, mabega yashuke, macho yatazame mbele na si simu. Mkoba wa begani uache nyumbani, dada zangu. Mkoba mzito upande mmoja ni mukwa wa mjini.

Wakati mzuri kwetu ni baada ya swala ya alfajiri, jua halijakuwa kali. Mama Ngina pale Mombasa utawakuta wanaume kwa wanawake, wengine na mabuibui yao na raba miguuni, wanatembea bila kumtazama mtu. Mwenye haya atembee na wenzake wawili watatu. Ramadhani, wengi hupendelea saa moja kabla ya futari au baada ya tarawehe. Kuogelea ni kuzuri, ila si kule kwa kuinua kichwa juu ya maji kama kasa, kwani hiyo yenyewe huumiza shingo. Baiskeli pia nzuri, usukani ukiwa juu ili usiiname. Kukimbia si lazima, na mwenye magoti mabovu asijaribu.

Baada ya matembezi, siku tatu kwa wiki, ongeza haya ya misuli. Vuta kidevu nyuma kama mtu anayejitengenezea kidevu cha pili, hesabu tano, achilia, mara 10. Bana mabapa ya mabega nyuma kama unashika kalamu katikati yake, mara 10. Shika chupa mbili za maji za nusu lita, inua mabega kuelekea masikioni, shusha polepole, mara 10. Ikiwa rahisi, tumia chupa za lita moja. Maumivu madogo ya misuli siku ya pili ni ya kawaida. Maumivu makali yanayobaki hadi kesho yake maana yake umezidisha, rudi hatua moja.

Watu huniuliza kuhusu swala. Rukuu, sijda na salamu ni harakati nzuri za viungo, lakini haziinui pumzi kiasi kinachohitajika, hivyo hazichukui nafasi ya matembezi. Na asiyeweza kusujudu kwa maumivu dini imempa ruhusa ya kuketi na kuashiria. Usijiumize ukadhani ni uchamungu.

Je, chuku na kukandwa? Sipingi. Kukandwa na mtu anayejua hutoa nafuu ya siku kadhaa, na ni wakati mzuri wa kuanza kutembea. Ila wale wanaovunja shingo kwa kuigeuza ghafla ikalia "kwa!", kama vinyozi wengine, nawaomba muwakimbie. Kuna mishipa ya damu ya kwenda ubongoni inayopita kwenye pingili hizo.

Ninalolihofia zaidi ni vidonge. Diklofenaki na ibuprofeni sasa zinanunuliwa kama peremende, viwili viwili, bila cheti. Kwa siku chache zina faida. Mtu akizimeza kila siku miezi nenda miezi rudi huweza kupata vidonda vya tumbo, presha kupanda na figo kuharibika, hasa mzee, mwenye kisukari au mwenye presha. Na sote tunajua foleni ya kusafisha damu ilivyo.

Usitembee, nenda hospitali

Kuna shingo ambazo si za kutembezwa. Ukiwa umeanguka na bodaboda au kutoka mnazini, usijaribu zoezi lolote kabla ya kupimwa. Ukiona mkono unakosa nguvu au ganzi inazidi, miguu inayumba, au umeshindwa kuzuia haja, nenda siku hiyo hiyo. Homa kali na shingo kukakamaa huenda ni uti wa mgongo, na hiyo haingoji asubuhi. Kupungua uzito, jasho la usiku na maumivu yasiyolala huweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye pingili, ambacho kina dawa kikigunduliwa mapema. Na maumivu yanayoanzia kifuani yakapanda shingoni na tayani wakati wa kutembea huenda ni ya moyo.

Kwa waliobaki, mtafute mtaalamu wa fiziotherapia aliyesajiliwa. Kenya ina sheria yao tangu 2014 na baraza linalowasajili, kwa hiyo una haki ya kuuliza cheti. Hospitali kuu ya Pwani, Mombasa, ina idara hiyo, na hospitali nyingi za kaunti pia. Mara mbili tatu za kuonyeshwa zinatosha kwa wengi, kinachobaki unakifanya mwenyewe nyumbani.

Mimi natembea kutoka kwangu hadi feri na kurudi, siku tano, tangu niliporudi kutoka Mbooni. Shingo bado hulia wiki ninapoandika sana. Mwezi uliopita rafiki yangu alinipigia simu, akampa mamake tuongee. Aliniuliza jambo moja tu, kama naweza sasa kumtazama mtu wa pembeni bila kugeuka mwili mzima. Nikamwambia naweza, alhamdulillahi, kushoto vizuri, kulia bado kidogo.